Kuchagua Kihariri Rahisi cha Faili za XML kwa Watoa Huduma za Afya Wasio Wataalamu wa Kompyuta

Fomu ya kielektroniki ni chombo cha kazi kama ilivyo mizani ya kupimia watoto au mashine ya kupimia shinikizo la damu. Mizani ikipotoka, mtoto mwenye uzito pungufu huonekana mzima. Fomu ikikosewa neno moja, dalili ya hatari hupita bila kuonekana. Tofauti ni kwamba karibu kila mtumishi wa zahanati anajua namna ya kuirudisha mizani kwenye sifuri, ilhali ni wachache wanaojua namna ya kuisahihisha fomu iliyomo ndani ya simu au kishikwambi. Makala haya yanaeleza fomu hizo zimeundwaje, kwa nini ni muhimu mtumishi asiye mtaalamu wa kompyuta aweze kuzirekebisha, na ni vigezo gani vitumike kumchagulia programu ya kufanyia kazi hiyo, yaani kihariri.

XML ni nini?

XML ni utaratibu wa kuandika taarifa kwa namna ambayo binadamu na kompyuta wote wanaweza kuisoma. Ulipitishwa rasmi mwezi Februari 1998 na W3C, jumuiya ya kimataifa inayoweka viwango vya mtandao. Msingi wake ni mwepesi: kila taarifa huwekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga. Uzito wa mtoto mchanga, kwa mfano, unaweza kuandikwa hivi:

`<uzito>2.4</uzito>`

Alama ya kwanza inasema kinachofuata ni uzito. Ya pili, yenye mkwaju, inasema maelezo ya uzito yamekwisha. Alama zinaweza kuwekwa ndani ya alama nyingine, kama bahasha ndogo ndani ya bahasha kubwa: uzito ndani ya taarifa za mtoto, taarifa za mtoto ndani ya taarifa za mama. Sharti ni moja: bahasha iliyofunguliwa lazima ifungwe, na ya ndani ifungwe kabla ya ile ya nje.

Juu ya msingi huo ulijengwa mwaka 2003 utaratibu wa fomu uitwao XForms. Huo ndio uliofuatwa na programu nyingi zinazotumika leo kukusanya taarifa za afya kwa simu, zikiwamo ODK, KoboToolbox na CommCare. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapobonyeza jibu kwenye kioo cha simu, haoni XML hata kidogo, lakini swali alilosoma, majibu aliyopewa kuchagua na onyo lililojitokeza vyote vimeandikwa katika faili la namna hiyo.

Nachingwea na Ruangwa si wageni wa fomu za kielektroniki

Wakazi wa Lindi na Mtwara walikutana na ukusanyaji wa taarifa kwa kompyuta mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2004, watafiti wa Ifakara na wenzao wa chuo cha afya ya jamii na tiba za nchi za joto cha London walifanya utafiti mkubwa wa kaya katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Wadodosaji walipita katika kaya zaidi ya 20,000 wakiwa na kompyuta ndogo za kiganjani badala ya madodoso ya karatasi. Majibu yaliingizwa palepale mlangoni kwa mwenye kaya, na kazi ya kunakili karatasi mara mbili ofisini, ambayo ndiyo ilikuwa desturi, ikaepukwa.

Baadaye taarifa za kawaida za vituo nazo zilihama. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, uliotegemea rejesta na fomu za karatasi tangu miaka ya 1990, uliunganishwa na mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umeenezwa nchi nzima. Hata hivyo rejesta ya karatasi bado ipo mezani, na mtumishi wa zahanati mara nyingi hubeba vyote viwili: kalamu na simu.

Katika kata kama Naipingo, wilayani Nachingwea, jambo hili lina uzito wa pekee. Fundi aliyetunga fomu huenda yuko Dodoma, Dar es Salaam au nje ya nchi. Mtu wa kwanza kugundua kwamba swali halieleweki ni muuguzi mkunga, tabibu au mhudumu wa jamii anayezungumza na mgonjwa uso kwa uso. Ikiwa hana njia ya kulisahihisha, au walau kumpelekea mratibu wa MTUHA wa wilaya pendekezo lililo tayari kutumika, swali hilo litaendelea kuulizwa vibaya siku baada ya siku.

Neno moja, maana mbili

Hebu tuchukue mfano wa fomu ya mtoto mgonjwa aliye chini ya miaka mitano. Mwongozo wa matibabu ya watoto unataja dalili za hatari ambazo mtumishi lazima aziulize: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, na kulegea sana au kupoteza fahamu. Ikiwa ipo hata moja, mtoto anahitaji rufaa ya haraka.

Tuseme aliyetafsiri fomu aliandika, “Je, mtoto amepata mitukutiko ya mwili?” Neno si kosa katika kamusi, lakini mama wengi wa pwani na kusini wanalijua tatizo hilo kwa jina la degedege. Watafiti wa malaria waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba wazazi wengi waliihesabu degedege kuwa ugonjwa wa peke yake, tofauti na homa ya kawaida. Neno “homa” nalo lina mitego yake: kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria, kwa mwingine ni hali ya kujisikia vibaya tu. Mama asiyelielewa swali atajibu “hapana”. Simu itapokea “hapana” hiyo, itaruka hadi swali linalofuata, na onyo la rufaa halitatokea. Hakuna mashine iliyoharibika. Neno ndilo lililokosewa.

Sasa linakuja jambo la msingi kuliko yote katika uhariri wa fomu. Kila swali lina sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi yanayosomwa na mtu: “Je, mtoto amepata degedege?” Ya pili ni jina la ndani linalosomwa na kompyuta, ambalo hutumika kupanga majibu kwenye taarifa ya mwezi na kuamua onyo gani lionekane. Maandishi yanaweza kubadilishwa ili mgonjwa aelewe. Jina la ndani likibadilishwa, kompyuta huliona kuwa swali jipya kabisa: majibu ya zamani hubaki upande mmoja, mapya huenda upande mwingine, na sharti lililokuwa likiamsha onyo la rufaa hukosa kitu cha kulitazama. Kihariri kinachomfaa asiye mtaalamu, basi, ni kile kinachomruhusu kugusa maandishi bila kugusa majina ya ndani.

Makosa madogo yanayovunja faili zima

Yapo pia makosa yasiyohusu maana bali umbo. XML haina huruma katika jambo hili: alama moja ikikosekana, faili zima hukataa kufunguka. Manne yafuatayo huwapata sana watumiaji wa kawaida.

Kwanza, alama ya “chini ya”. Mtumishi akiandika “umri < miaka 5” moja kwa moja ndani ya faili, kompyuta huidhani alama hiyo kuwa mwanzo wa bahasha mpya, kisha hushindwa kuona mwisho wake. Ndivyo ilivyo pia kwa alama ya “&” katika maneno kama “Mama & Mtoto”. Salama ni kuandika “chini ya miaka 5” na “Mama na Mtoto”.

Pili, king'ong'o cha Kiswahili. Maneno kama ng'ombe, kung'oa na kung'ata yana kipigo kimoja juu, na kipigo hichohicho hutumika katika masharti ya fomu kuonyesha mwanzo na mwisho wa neno. Jibu kama “ameng'atwa na nyoka” likitumiwa kama msimbo ndani ya sharti linaweza kulivunja sharti hilo. Kwa sababu hiyo misimbo ya majibu iandikwe bila kipigo wala nafasi, kwa mfano `nyoka`, na maneno kamili yabaki katika maandishi yanayosomwa na mtu.

Tatu, programu za kuandikia barua, kama Word, hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda bila kumuuliza mwandishi. Kwa msomaji ni pambo. Kwa kompyuta inayosoma XML ni alama ngeni. Faili la XML lisihaririwe kamwe katika programu ya namna hiyo.

Nne, tarehe. XML hutarajia mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Mtu aliyezoea kuandika 03/04/2024 anaweza kumaanisha tarehe 3 Aprili, na kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani ikasoma tarehe 4 Machi. Kwa mama anayekadiriwa umri wa mimba kwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho, tofauti hiyo ni ya takriban mwezi mzima.

Aina nne za vihariri

Aina ya kwanza ni vihariri vya maandishi matupu, kama Notepad iliyomo katika kompyuta za Windows, au Notepad++ inayopatikana bure. Ni vyepesi, havihitaji intaneti na huenda hata kwenye kompyuta ya zamani. Kasoro yake ni kwamba humwonyesha mtumiaji mifupa yote ya faili na kumwachia uhuru wa kuvunja wowote. Notepad++ husaidia kidogo kwa kupaka rangi alama, lakini haijui tofauti ya jina la ndani na maandishi ya swali. Hiki ni kihariri cha fundi.

Aina ya pili ni vihariri vilivyotengenezwa mahususi kwa XML. XML Notepad ya Microsoft hutolewa bure na huonyesha faili kama mti wenye matawi, hivyo mtu anaweza kufungua tawi moja na kubadilisha maneno yaliyomo. Oxygen XML Editor ina uwezo mkubwa zaidi, pamoja na namna ya kuhariri bila kuona alama, lakini hulipiwa na huhitaji mtaalamu wa kuiandaa kwanza. Mashirika ya uchapishaji huifaidi. Kwa zahanati ni mzigo.

Aina ya tatu si kihariri cha XML kwa jina, lakini ndiyo njia inayowafaa wengi: jedwali la kompyuta, kama la Excel au LibreOffice, lililopangwa kwa kanuni za XLSForm. Kila swali hukaa katika mstari wake. Safu moja hutaja aina ya swali, nyingine jina la ndani, nyingine maandishi yanayosomwa. Kiswahili kinaweza kuwa na safu yake na Kiingereza yake. Jedwali likikamilika, programu maalumu huligeuza kuwa XML na kutaja makosa iliyoyakuta. Mtumishi hajagusa alama hata moja. Uzuri mwingine ni kwamba safu ya majina ya ndani inaweza kufungwa kwa nywila, ikabaki wazi ile ya maandishi pekee. Tahadhari ni kwamba Excel hupenda kukisia: jibu la “1-2” inaweza kuligeuza kuwa tarehe. Safu zipangwe kuwa za maandishi kabla ya kuanza kazi.

Aina ya nne ni vijenzi vya fomu vinavyotumika ndani ya kivinjari, kama vile vya KoboToolbox na CommCare. Mtumiaji huona swali karibu kama litakavyoonekana kwenye simu, hubonyeza na kuandika. Ndivyo vinavyofundishika haraka kuliko vyote, lakini kwa kawaida huhitaji intaneti muda wote wa kuhariri, na fomu hukaa katika seva ambayo mara nyingi haiko wilayani. Mahali ambapo mtandao huja na kuondoka, mtu anaweza kupoteza kazi ya asubuhi nzima.

Vigezo vya kuchagua

Mtaalamu anayeichagulia halmashauri au kituo programu asianze kwa kuuliza ipi ina uwezo mwingi, bali ipi itamzuia mtumiaji asidhuru na kumwachia nafasi ya kusaidia. Maswali haya yanatosha:

1. Je, inatenganisha maandishi ya swali na jina la ndani, na inaweza kulifunga jina la ndani lisiguswe?
2. Je, inahakiki faili kabla ya kutumwa, na ujumbe wake wa kosa unataja mahali kosa lilipo kwa maneno yanayoeleweka?
3. Je, inafanya kazi bila intaneti, na inahifadhi kazi umeme unapokatika?
4. Je, inaendeshwa na kompyuta iliyopo sasa, bila kununua mpya wala kulipa ada ya kila mwaka?
5. Je, inahifadhi matoleo ya nyuma, ili kosa likigundulika fomu irudishwe ilivyokuwa jana?
6. Je, yupo mtu wilayani anayeijua, atakayepigiwa simu aliyefundishwa kwanza akihamishwa kituo?

Swali la sita hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo linaloamua kama programu itadumu. Watumishi wa afya huhamishwa na huenda masomoni. Ujuzi uliomo katika kichwa cha mtu mmoja huondoka naye.

Kwa mazingira ya vijijini vya Nachingwea na Ruangwa, vigezo hivi kwa pamoja huelekeza kwenye jedwali la XLSForm lenye safu zilizofungwa: mtumishi huhariri bila mtandao kituoni, kisha mratibu wa wilaya huligeuza kuwa XML, hulihakiki na kulichapisha. Mahali ambapo mtandao ni wa uhakika, kijenzi cha ndani ya kivinjari kinaweza kuwa rahisi zaidi. Kihariri cha maandishi matupu kibaki kwa fundi anayetafuta kosa lililojificha.

Kujaribu kabla ya kuamua

Jaribio zuri halihitaji zaidi ya saa moja. Mtumishi atakayeitumia programu apewe nakala ya fomu anayoijua, kwenye kompyuta yake mwenyewe, intaneti ikiwa imezimwa. Apewe kazi tatu: abadilishe neno moja katika swali, aongeze jibu moja katika orodha, kisha aandike kosa kwa makusudi, kama kuacha jina la ndani wazi, na kueleza ujumbe wa kosa unamwambia nini. Anayemfundisha akae kimya na kutazama. Ikiwa mtumishi amekwama mara mbili katika kazi ya kwanza, programu hiyo si yake, hata kama imesifiwa namna gani.

Baada ya hapo fomu iliyobadilishwa ipakiwe kwenye simu moja na kujazwa kwa mgonjwa wa kubuni mwenye kila dalili ya hatari. Kila onyo linalotakiwa kutokea litokee. Kisha ijazwe kwa mgonjwa asiye na dalili yoyote, na onyo lolote lisitokee. Ndipo fomu ipewe namba mpya ya toleo na kusambazwa, kwa kuwa simu ambayo haijapakua toleo jipya itaendelea kuuliza maswali ya zamani.

Si kila badiliko liachiwe kituo. Maneno ya swali yanaweza kupendekezwa na yeyote anayehudumia wagonjwa. Viwango vya kitabibu havipaswi kuguswa isipokuwa kwa mwongozo wa Wizara ya Afya. Mzingo wa mkono chini ya sentimeta 11.5 huashiria utapiamlo mkali kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Nukta ikisogezwa ikawa 1.15, hakuna mtoto atakayeonekana ana utapiamlo. Vivyo hivyo, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2016 mahudhurio manane ya kliniki ya wajawazito badala ya manne, badiliko kama hilo katika fomu lilikuwa la kuamuliwa na mamlaka, si na mhariri.

Nafasi ya mgonjwa

Mgonjwa hahitaji kujua XML, lakini ana mambo mawili ya kudai. La kwanza ni kuulizwa kwa maneno anayoyaelewa. Swali likiwa gumu, aseme hajaelewa badala ya kujibu “hapana” ili lipite. Na mtumishi aandike neno alilolitumia kumfafanulia, kwa kuwa huenda hilo ndilo linalostahili kuingia katika fomu. La pili ni usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Fomu tupu inaweza kutumwa kwa fundi au kujaribiwa mtandaoni bila madhara. Fomu iliyojazwa, yenye jina na majibu ya mtu, isitumwe kwa WhatsApp wala kupakiwa kwenye tovuti yoyote ya kuhakiki XML, hata kama lengo ni kutafuta kosa tu.

Hitimisho

Kihariri rahisi hakimgeuzi muuguzi kuwa fundi wa kompyuta, wala hakikusudiwi kufanya hivyo. Kazi yake ni kuufikisha ujuzi alionao tayari, wa namna wagonjwa wake wanavyosema na kuelewa, mahali ambapo fomu inaandikwa, huku majina ya ndani na viwango vya tiba vikibaki salama. Halmashauri inayotaka kuanza inaweza kuchukua fomu moja tu, ile inayolalamikiwa zaidi, na kuwaomba watumishi wa zahanati watatu waorodheshe maswali ambayo wagonjwa huyajibu bila kuyaelewa. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kihariri gani kinahitajika.